Hodi Elfu Nne

Jumatatu jioni nilifika Frankfurt bila kuondoka Tanga. Huko ndiko iliko seva niliyokodi, yenye mfumo endeshi wa Ubuntu. Nilikuwa nimeiwasha Jumapili usiku, sijampa mtu anwani. Jioni hiyo niliingia kuikagua, mara yangu ya kwanza, huku dada aliyenitangulia kazini akiniongoza kwa simu.

"Mdogo wangu, anza na daftari la wageni."

Daftari ni faili iitwayo auth.log. Nikaifungua, macho yakanitoka. Mistari ilimiminika kama mvua ya masika: root, nywila si sahihi, admin, si sahihi, test, si sahihi. Nilipohesabu, imepita elfu nne! Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi zake. Hawa wamegonga usiku kucha.

"Dada, nimeshaibiwa!"

Akacheka. "Hao ni roboti. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, wanazipitia zote, hawakujui wewe. Anayegonga bado yuko nje. Tafuta walioandikiwa Accepted."

Wakatoka watatu. Wawili ni mimi, wametoka kwenye anwani ya nyumbani. Wa tatu simjui. Mikono ikaanza kutetemeka.

"Jana ulitumia intaneti gani?"

Nikakumbuka: umeme ulikatika, nikaunga bando la simu. Mwizi nilikuwa mimi mwenyewe.

Tukaendelea na orodha ya watumiaji. Nikakuta majina nisiyoyaweka: games, news, mail. Kumbe ni kama watumishi wa nyumba, kila mmoja na kazi yake, ila hawana ufunguo wa mlango wa mbele. Wa kuogopwa ni jina geni lenye namba 0, kwani hiyo ni namba ya root, mwenye nyumba. Halikuwepo. Tukatazama milango ya mtandao ya seva, yaani port: 22 ya kuingilia, na 53 iliyonishtua, kumbe ni ya ndani kwa ndani, kama mlango wa uani. Ratiba za kazi na funguo zilizosajiliwa nazo zilikuwa safi.

"Usijisifu," dada akasema. "Mwizi aliyeshika root anaweza kufuta daftari. Ukimkuta, usifagie, sakinisha upya."

Usiku ule nilizima kuingia kwa nywila, nikabaki na ufunguo, nikaweka Fail2ban imfungie nje anayekosea mara tatu. Nawe ukiwasha seva mpya, fanya hivyo kabla hujalala.