Trekta mbele, slesha nyuma, mimi na nyengo!

Kuna watu hawapatani na wakwe zao, wengine hawapatani na makonda wa daladala. Mimi sipatani na slesha ya trekta, ile inayoning'inia nyuma kama mkia. Wala si chuki binafsi. Nina sababu zangu na leo nazimwaga zote, maana najua wewe msomaji wa Tabata, Sinza au Mbagala unaweza ukawa na heka zako mbili za mipaina huku kwetu Kifanya na hujawahi kuzikanyaga hata siku moja. Ndiyo mtindo wa siku hizi. Mtu ananunua shamba la miti kwa simu, analipalilia kwa simu, analilinda kwa simu. Akitaka kujua kama limefyekwa, anatumiwa picha. Na picha ya shamba lililopitiwa na trekta, bwana wee, inauza sura kuliko harusi!

Kwa wasiokujua, Kifanya ni kata ya Njombe, barabara iendayo Songea. Baridi yake mwezi wa sita na wa saba si ya kuhadithiwa. Mvua zikikatika nyasi zimeshafika kiunoni, na muda mfupi baadaye zimekauka na zinalia chakacha ukipita. Hapo ndipo kila mwenye miti anaanza kulala nusu macho. Mpaina, huu wa patula ambao umejaa kwetu, unadondosha sindano zake chini mwaka mzima, na sindano kavu zinashika moto kama zimepakwa mafuta ya taa. Mti umeulea miaka minane, unahesabu kwamba ukifika kumi na kitu utalipia watoto ada, halafu alasiri moja tu unabaki na mkaa. Kwa hiyo tunafyeka. Tunafyeka kati ya mistari, na tunafyeka zaidi pembeni, kwenye njia ya kuzuia moto.

Mimi ndugu yako nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kuchungulia dirishani kisha unaondoka kimyakimya, nikarudi kwa mjomba. Kazi yangu ni kumsaidia mashamba yake, kuangalia na ya watu wawili watatu walioko mjini, halafu usiku naandika haya unayoyasoma. Juni moja mjomba akasema mwaka huu hatutaki nyengo wala vibarua wa longolongo, tunakodi trekta. Mshiko uliotoka hapo ni hela ya mbuzi mzima. Trekta likaja na slesha yake nyuma, watoto wa jirani wakalikimbilia, mjomba akavaa koti la suti. Heshima!

Sasa nikueleze kwa nini kile kitu kiko nyuma. Trekta hizi tunazoziona zimerithi kazi ya bwana mmoja wa Ireland, Harry Ferguson, ambaye mwaka 1926 alipata hataza ya kufungia jembe kwenye trekta kwa mikono yake maalumu. Jina lake bado unaliona kwenye Massey Ferguson, kampuni iliyotokana na muungano wa mwaka 1953. Mikono ile mitatu, miwili chini na mmoja juu, ikainuliwa na haidroliki, ilikuwa akili kubwa kweli. Lakini aliitengeneza akiwaza jembe, na jembe kukaa nyuma ni sawa kabisa. Tairi ikishaukanyaga udongo, jembe linakuja linaupindua, alama inafutika. Baadaye watu wakaona mikono ipo, shafti ya kuzungusha mitambo ipo, basi kila kitu kikafungwa hukohuko nyuma, visu vya nyasi vikiwemo.

Nyasi si udongo, ndugu yangu. Nyasi ukiikanyaga inalala. Tairi la mbele linapita, la nyuma linafuata njia ileile, tena hilo ni pana na zito, ndipo visu vinafika. Iliyosimama katikati inakatwa safi. Iliyolala chini ya tairi, visu vinapita juu yake vinapiga hewa. Visu vikiwa vikali na dereva akienda polepole, upepo wao unanyanyua baadhi, nakubali. Lakini dereva wa kulipwa kwa heka utamwambia saa ngapi aende polepole?

Jioni ile shamba lote lilikuwa limelala, huwezi kujua ipi imekatwa na ipi imejilalia ubavu. Kama ni picha ya kutuma Dar, ndiyo saa yake. Siku ya nne asubuhi nikapita na umande wangu miguuni, nikakuta mistari miwili miwili imesimama shamba zima, imenyooka kama reli ya TAZARA pale Makambako. Nikamwita mjomba. Akaitazama njia ya moto kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mjomba, hii njia ni ya kuzuia moto au ya kuuonyesha pa kupita?"

Hapo ndipo nikarudishwa kwenye nyengo. Trekta lilitangulia, likalipwa, likaondoka, na mimi nikafuata nyuma siku nne nzima nikikata lilichokanyaga.

Hiyo ni kasheshe ya kwanza. Ya pili niliiona kwa macho siku ileile ya kazi. Dereva wa slesha ya nyuma anaendesha mbele huku kazi yake iko kisogoni. Akitazama mbele, haoni visu vinakata nini. Akigeuka nyuma, haoni kisiki kinachomsubiri. Siku nzima shingo inazunguka kama feni. Nilipomwonyesha sehemu aliyoiruka alinijibu, tena kwa upole, "Dogo, mimi sina macho ya nyuma." Siwezi kumlaumu hata kidogo, alisema ukweli mtupu.

Halafu kona. Trekta likikata kushoto, mkia wake unatupwa kulia. Kwenye uwanja wa mpira hilo si neno. Kwenye mipaina iliyopandwa kwa nafasi ya mita tatu, mkia huo una nguvu ya kumenya gome la mti kama unamenya muwa. Miti mitano ya mjomba mwisho wa mistari ina makovu mpaka leo. Pembeni ya shina nako visu havifiki, kwa hiyo kila mti unabaki na ndevu zake, na ndevu hizo ndizo zinazopandisha moto.

Na kilima je? Slesha ni chuma kizito kinachoning'inia nyuma ya ekseli. Ukipanda mteremko mkali, uzito wote unarudi nyuma na matairi ya mbele yanakuwa mepesi. Wenye trekta makini wanafunga vyuma vya uzito kule puani ili lisinyanyuke. Lile letu halikuwa navyo. Kwenye kale kapandio kanakoshuka bondeni niliona tairi la mbele linanyanyuka ardhini, dereva anazungusha usukani na trekta linaendelea na safari zake. Aliishusha slesha chini haraka, likatulia. Kwa sekunde kama tatu hivi hakuna aliyepumua. Mjomba alivua koti.

Mawe sitayasemea sana. Shafti ya trekta inazungushwa mara 540 kwa dakika, giaboksi inaongeza tena, na kisu kikikutana na jiwe, jiwe linaondoka. Kwa kawaida nyuma ya slesha kunakuwa na pazia la minyororo la kuyazuia. Pazia la ile lilishakatika siku nyingi. Ndoo yetu ya togwa ilitobolewa tukiwa tumesimama mbali kabisa. Ingekuwa goti langu, safu hii ungeandikiwa na mtu mwingine.

Utaniuliza, basi tukatie nini? Ngoja nikurudishe Uingereza mwaka 1830. Huko Stroud, fundi aitwaye Edwin Budding aliona mashine ya kiwandani inayonyoa manyoya ya kitambaa, akawaza, kwa nini isinyoe na nyasi? Akatengeneza mashine ya kwanza ya kukata nyasi za bustani. Mtu anaisukuma, visu viko mbele yake, anaona kila unyasi unaoingia, na mguu wake unakanyaga palipokwisha kukatwa. Mpaka leo mashine za kusukuma zimefuata mpango huo. Kule kwenye milima ya Alps, Uswisi na Italia, wakulima wanatembea nyuma ya kimashine cha matairi mawili chenye meno ya mkasi mbele, wanakata nyasi za ng'ombe kwenye miteremko ambayo trekta lingebiringika. Wana vilima kama sisi, ila wao walikataa kukanyaga kwanza.

Kwa trekta pia kuna njia. Kuna slesha za kufunga mbele, lakini zinataka trekta lenye mikono na shafti ya mbele, na matrekta mengi ninayoyaona Njombe hayana. Kuna zinazofungwa tumboni kati ya matairi, hizo ni za bustani na viwanja. Na kuna za nyuma zinazonyoosha mkono pembeni, hivyo tairi linapita palipokatwa raundi iliyotangulia na visu vinakuta nyasi imesimama wima. Hiyo mimi nikiletewa sina ugomvi nayo. Na nisiwe mnoko: ile ya kawaida ya nyuma ina faida zake. Ni rahisi, ni chuma kisichobembelezwa, inafungika karibu trekta lolote, na kwenye tambarare kubwa isiyo na miti itamaliza kazi ya vibarua ishirini kabla ya chai. Kifanya tambarare hiyo ipo wapi?

Kwenye miti mimi nachagua mashine ya mgongoni. Inapiga kelele, inatetemesha mikono mpaka usiku kijiko kinacheza, petroli yake lazima uichanganye na oili kwa kipimo, na bila buti na miwani utajuta. Lakini nyasi inaikata ikiwa imesimama. Inazunguka shina bila kulimenya. Na kisu kiko mbele ya macho yangu, si nyuma ya kisogo.

Sasa lile lililonifanya niandike. Oktoba ya mwaka uleule, saa nane mchana, upepo mkali, moto ulitoka bondeni kwenye vinyungu, mtu alikuwa anachoma mabua. Ulipanda kilima ukiwa na sauti. Mpaka wetu na jirani ulikuwa umefyekwa na trekta lilelile, wiki ileile. Upande wetu nilikuwa nimeshaipitia mistari ile kwa nyengo, nikakokota nyasi zote kwa reki, na mjomba na vijana wawili wakaparua kwa jembe mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Upande wa jirani mwenye shamba yuko Dar. Alitumiwa picha jioni ya kazi, akajibu kwa dole gumba, basi.

Tulisimama na matawi mabichi mkononi tukiuangalia. Ulipofika kwenye udongo wetu ulilamba, ukakosa, ukageuka. Kwa jirani uliikuta ile mistari miwili imesimama mikavu na nyasi zilizokatwa zimelala katikati yake, ukatembea nayo kama mtu anayefuata barabara, mpaka kwenye miti. Mipaina ya miaka saba. Tulijitahidi mpaka giza, tukaokoa pembe moja ya chini.

Usiku mimi ndiye niliyepiga simu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mbona palikuwa pamefyekwa, mdogo wangu? Picha ninayo hapa." Alinitumia tena ile picha. Kweli ilikuwa nzuri, nyasi zote zimelala.

Mwaka huu mjomba ameshasema trekta litakuja kulima viazi tu. Mashine ya mgongoni tumeinunua Makambako na bwana wa Dar, nusu kwa nusu. Amesema safari hii atapanda basi aje mwenyewe, na ameniuliza buti namba ngapi zinafaa.