Daftari la Seoul: Cho Bong-am

Jumanne, 29 Julai
Nasoma habari za Cho Bong-am, mtu wa kisiwa cha Ganghwa. Mwaka 1919 Wakorea walipoandamana kuwakataa Wajapani waliowatawala, naye alikuwemo, akafungwa. Alipotoka akaenda kusoma Japani, kisha Moscow. 1925 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha Korea. Mwaka 1932 Wajapani wakamkamata Shanghai. Wakamfunga katika gereza la Sinuiju, mpakani na Uchina, na baridi ya huko ikamla vidole.

Jumatano, 30 Julai
Kinachonivutia zaidi ni wizara. Nchi ilikombolewa 1945. Mwaka uliofuata akaachana na wakomunisti hadharani, 1948 akaingia bungeni, na Rais Syngman Rhee akampa wizara ya kilimo. Mkomunisti wa juzi! Lakini Rhee alikuwa na hesabu zake: wakulima wengi walilima mashamba ya watu, na Kaskazini ardhi ilikwisha kugawiwa. Cho hakumaliza hata mwaka kitini, ila msingi wake ulizaa sheria ya kugawa ardhi ya 1949, iliyorekebishwa 1950: mtu asimiliki zaidi ya takriban hekta 3, na aliyegawiwa alipe mavuno ya mwaka mmoja na nusu, kidogo kidogo kwa miaka 5. Wanaomkumbuka kwa kifo chake tu wanampunja.

Alhamisi, 31 Julai
Siku kama ya leo, 1959, alinyongwa Seodaemun, gereza lililojengwa na Wajapani. Jana yake ombi la kusikilizwa upya lilikuwa limetupwa. Eti jasusi wa Kaskazini. Kosa lake, naona mimi, ni kura. Katika uchaguzi wa 1956 mgombea mkuu wa upinzani, Shin Ik-hee, alifariki ghafla kampeni zikiendelea. Cho akabaki na Rhee uwanjani, akazoa kura zaidi ya milioni 2, huku akihubiri muungano wa amani na Kaskazini wakati makaburi ya Vita vya Korea bado mabichi. Januari 1958 akakamatwa. Mahakama ya kwanza ilimfunga miaka 5, vijana wakaivamia wakidai ni kidogo. Kwenye rufaa, mshtakiwa mwenzake aliyekuwa amemtaja akayakana maneno yake. Hata hivyo hukumu ikapanda hadi kifo.

Jumamosi, 2 Agosti
“Zama zilikuwa mbaya,” watu husema. Sikubali. Rhee naye aliwahi kukaa jela, akaishi uhamishoni miaka mingi akiipigania Korea. Alijua alichokuwa akifanya. Aprili 1960 maandamano ya wanafunzi yalimng’oa, akaishia Hawaii. Cho alifutiwa kosa la ujasusi na Mahakama ya Juu tarehe 20 Januari 2011, majaji wote kwa kauli moja.