Tovuti Isimnunie Mgeni!

Hakuna kinachoniudhi kama tovuti inayomnunia mgeni wake. Unajaza fomu, unabonyeza "tuma", mara maandishi mekundu: "Invalid input". Basi! Kosa liko wapi, ufanye nini, haisemi. Eti ulichoingiza si halali, utadhani umevusha magendo!

Mdogo wangu wa kike anaishi Kalemela, mkoani Simiyu. Juzi juzi alikuwa akiomba kazi kwenye tovuti moja, siitaji jina. Hana kompyuta, kwa hiyo alikuwa steshenari, analipia. Fomu ikamkatalia mara tatu, na kila ikikataa inafuta yote aliyojaza. Akanipigia: "Dada, hii kitu inanigomea, na mwisho ni leo!"

Tukahesabu wote kwenye simu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, yeye kaandika 19. Sawa, karuka moja. Lakini mashine ilikuwa inajua! Ilishindwa nini kusema: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20, umeandika 19, angalia tena"? Fomu ilipita duka likiwa linafungwa. Wangapi hawana wa kumpigia, kazi ikawapita hivi hivi?

Na ile 404 je? Kwa mafundi maana yake ukurasa haukupatikana. Namba zinazoanza na 4 husema tatizo liko kwenye ombi lenyewe. Zinazoanza na 5, kama 500, husema seva ndiyo imekwama. Hayo ni mazungumzo ya mashine kwa mashine. Mgeni yanamhusu nini?

Simu zetu zilishatufundisha siku nyingi: samahani, unayempigia hapatikani, jaribu baadaye. Umeombwa radhi, umejua tatizo, umejua la kufanya. Hata muuza duka sukari ikimwishia anakwambia urudi jioni au ujaribu duka la jirani. Hakutajii namba!

Kwa hiyo washikaji mnaotengeneza tovuti, andikeni Kiswahili cha kueleweka. Onyo likae pale pale penye kosa. Kama simu ianze na 0 au 255, semeni mapema na mtoe mfano. Na tafadhali, msifute alichokwisha kujaza mtu!

Kipimo ni rahisi. Mpe shangazi yako fomu aijaze, wewe kaa kimya. Akigeuka akuulize, "Sasa hapa nifanyeje?", ujue umechemsha.