Siku Nilipokuwa wa Mwisho

Tangu utoto wangu sikupata kuwa mtu wa mwisho katika jambo lo lote. Shuleni nilikaa dawati la mbele. Seminarini, kila tuliposomewa alama, jina langu lilitajwa miongoni mwa matatu ya kwanza. Nilipokuwa mwalimu nikaendelea kuwaona walio nyuma kama watu waliochagua wenyewe kukaa nyuma. Nayaungama haya mapema, maana yote nitakayosimulia yanatoka hapo.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 mganga alinifunga ule mpira mkononi, akaujaza hewa, akatazama, akaujaza tena. Damu yangu ilikuwa inasukuma kwa 150 juu ya 95. Nami nilikuwa na miaka thelathini na sita tu. Marehemu baba yangu aliangushwa na kiharusi akiwa na miaka hamsini na miwili, tukamlisha kwa kijiko muda wa miaka miwili kabla ya kumzika. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa sana. Mganga akasema kwamba Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kila mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani katika juma. Nikamhesabia mwendo wangu: kutoka mlangoni hadi kwenye pikipiki, na kutoka kwenye pikipiki hadi darasani. Hakucheka.

Huku kwetu Nguba palikuwa na kundi la watu waliofanya mazoezi magumu pamoja kwa majuma manne mfululizo, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikajiandikisha. Mke wangu akanitazama toka kichwani hata miguuni, akasema, "Mwalimu, utaweza?"

Msomaji asiyeijua Bukavu na ajue hivi: maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 juu ya bahari, na kutoka majini mji wote unapanda vilima. Nguba iko upande wa mashariki, hata ng'ambo ya maji waiona Rwanda, na si mbali na hapo Mto Ruzizi hutoka ziwani kuteremkia Tanganyika. Hewa yetu ni nyembamba kuliko ile ya pwani. Sisi tuliozaliwa huku hatuoni tofauti, mpaka siku ile tunapokimbia kupanda.

Kocha wetu alikuwa kijana mpole wa maneno, lakini mazoezi yake hayakuwa na upole wo wote. Lile lililonishinda kwanza ni hili: unachutama, unaweka viganja chini, unarusha miguu nyuma, unairudisha, kisha unaruka juu. Baadaye nilisoma kwamba lilitokana na zoezi alilolibuni Mmarekani mmoja, Royal Burpee, katika miaka ya 1930, ili kupima moyo wa mtu. Naye aliona mara nne zatosha kwa kipimo chake. Sisi tulifanya mara thelathini. Nilipofika ya kumi na moja nililala kifudifudi katika umande, nikasikia moyo wangu ukigonga ardhi. Aibu yangu ilizidi uchovu, kwa sababu nilipoinua macho nilimwona mmoja wa wanafunzi wangu.

Sitamtaja jina. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, amekuja pamoja na kaka yake. Juma lililotangulia nilikuwa nimemsimamisha mbele ya darasa zima kwa kushindwa sehemu za hesabu, nikamwita jiwe lililofungwa mguuni mwa wenzake. Darasa lilicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuona kwamba wanacheka.

Baada ya hapo tukaanza kukimbia barabarani, watu kama thelathini, miguu ikipiga lami kwa pamoja. Hapo pana jambo ambalo mgeni hawezi kulisikia. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake aliposikia kishindo, aliwavuta wajukuu wake ndani kwanza, ndipo akachungulia. Sikumshangaa. Oktoba 1996, vita vilipofika hapa, mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nikakimbia na godoro kichwani bila kujua tunakwenda wapi. Juni 2004 askari walioasi waliuteka mji kwa siku chache, tukakimbia tena. Kwa watu wa Bukavu, mbio za watu wengi alfajiri hazikuwa mchezo. Kocha akatuamuru tuimbe tukikimbia, ili majirani wajue kwamba hakuna anayetufukuza. Bibi yule akacheka, akarudia ufagio wake.

Mbele kidogo tukawakuta akina mama wabeba mizigo, wameinama, kamba zimepita katika vipaji vya nyuso zao, magunia mgongoni. Mmoja akatuuliza, "Papa, nani anawafukuza?" Mwingine akasema kwamba kama tunatafuta jasho, gunia lake lipo, tena halina ada ya kujiandikisha. Tulicheka, lakini si kwa sauti kubwa.

Kisha kilima. Kundi lilikuwa na sheria moja: hakuna aliyefika mpaka wa mwisho amefika, na aliyetangulia hurudi kumchukua aliye nyuma. Katikati ya mteremko ule miguu yangu ilikataa. Wote walikuwa juu wananingojea, nami niliona kila jicho kama mwiba. Ndipo nikamwona yule kijana akishuka. Yeye ndiye aliyekuwa ametangulia.

Nilingoja aseme neno. Alikuwa na haki ya kulisema. Akageuka tu, akasimama kando yangu, akasema, "Mwalimu, usitazame juu. Tuhesabu hatua, kumi kumi." Akaanza kuhesabu. Tulipofika kumi, akaanza tena moja. Sikujua ni kumi ngapi tulizopanda, lakini yeye alijua, maana tulipofika juu alimwambia kocha: thelathini na nne.

Siku mbili zilizofuata nilishuka ngazi kinyumenyume, kwa jinsi mapaja yalivyouma. Lakini sikuacha. Mwisho wa majuma manne mganga alisoma 138 juu ya 88, akanionya nisiache wala nisirudie chumvi. Kilimani niliendelea kuwa wa mwisho, au wa pili toka mwisho alipoumwa mama mmoja.

Jumatatu iliyofuata kilima kile, nilimwita kijana ubaoni. Darasa likajinyoosha kwenye madawati, likingoja kuchekeshwa. Vidole vikaanza kupaa: "Mwalimu! Mwalimu!" Alikuwa ameshika chaki, anatazama mwisho wa hesabu kana kwamba jibu litamrukia. Nikatoka mezani, nikaenda kusimama kando yake, nikamwambia atazame mstari wa kwanza tu. Hesabu ile ilituchukua robo saa nzima, na wenye vidole juu wakachoka, wakashusha mikono.