Motokari ya Magurudumu Sita

Sisi ni ndugu watatu, wana wa baba mmoja na mama mmoja. Tulizaliwa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Sasa tunakaa Kanada, katika jimbo la Ontario, nasi tunafanya kazi kiwandani. Watu wa nyumbani hutuuliza mara nyingi: "Siku ya mapumziko mnafanya nini huko kwenye baridi?" Leo tunapenda kuwajibu. Tulitengeneza motokari ya zamani, nayo ilitukumbusha neno ambalo baba yetu alitufundisha tukiwa watoto, nasi tulikuwa tumelisahau.

Jirani yetu ni mzee mkulima, umri wake umepita miaka 80. Siku moja ya mwezi wa kumi alituita tumsaidie kutoa majani makavu katika ghala lake. Chini ya majani tukaona kitu kama beseni kubwa la rangi ya machungwa, chenye magurudumu sita manene. Mmoja wetu akasema ni mashua. Mwingine akasema ni mashini ya shamba. Mzee akacheka, akatuambia: "Nyote mmesema kweli. Hii hupanda kilima, hupita katika matope, na ikifika kwenye maji haisimami."

Vyombo vya namna hii vilianza kutengenezwa huko huko Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na cha kwanza kujulikana kiliitwa Jiger. Mwaka 1967 kikatokea Argo, katika jimbo letu hili la Ontario, na Argo zingali zinatengenezwa hata leo. Kwa muda mfupi viwanda vingi vya Kanada na vya Marekani viliingia katika biashara hiyo. Lakini mwaka 1973 bei ya esansi ilipanda sana, tena watu walikuwa wamekwisha kuona pikipiki za magurudumu matatu za Honda, zilizotoka mwaka 1970. Viwanda vingi vidogo vikafungwa. Kile kilichotengeneza motokari ya mzee kilifungwa pia, na vyombo vyake vikabaki katika maghala ya wakulima, vikilaliwa na panya.

Mzee alisema: "Mimi na mke wangu tulikuwa tukienda nayo kuvua samaki. Tangu alipokufa sikuiwasha tena. Ichukueni bure. Lakini nina sharti moja: siku itakapoelea, mimi nitakuwa ndani." Tukakubali kwa furaha, na kazi ikaanza.

Kwanza tulifungua mashini. Ni mashini ndogo ya namna ile ya kale, inayokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta yake, sehemu moja ya mafuta kwa sehemu ishirini za esansi. Ilikuwa imekwama kwa kutu. Hatukuipiga nyundo. Tuliondoa buji, tukamimina mafuta mepesi katika tundu lake, tukangoja juma zima, kisha tukaizungusha kwa mkono polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka ikaachia. Ndani ya kabureta esansi ya zamani ilikuwa imegeuka utando mgumu kama asali iliyokauka. Tukasafisha kila kitundu kwa uzi mwembamba wa shaba.

Tena kulikuwa na minyororo inayopeleka nguvu kwa magurudumu yote sita. Tuliilaza katika mazuti siku nyingi, tukaisugua kwa burashi. Vipande vilivyolika tulivipata katika duka la mashini za shamba, maana vipimo vya minyororo ni vile vile. Chombo hiki hakina usukani. Kina fimbo mbili za chuma mbele ya dereva. Ukivuta ya kushoto, magurudumu ya kushoto yanazuiwa na ya kuume yanaendelea, basi kinageuka kushoto. Mapira yake yana hewa kidogo sana, hata unaweza kuyabonyeza kwa mkono. Ndiyo sababu hayazami katika matope. Katika maji hakuna kasia wala panka: meno ya mapira yenyewe yanasukuma maji, na chombo kinakwenda polepole kuliko mtu atembeaye kwa miguu.

Mwili wake ulikuwa na nyufa tatu. Ni plastiki ya aina iitwayo ABS. Tulichukua vipande vidogo vya plastiki hiyo, tukaviloweka katika asetoni mpaka vikawa kama uji mzito, tukaziba nyufa kwa uji huo, ndani na nje. Milango ya ghala tuliiacha wazi, ingawa theluji ilikuwa inaingia, kwa sababu moshi wa asetoni ni mbaya kwa kichwa tena hushika moto upesi.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Vyuma vinavyoshika magurudumu vinatoka nje kwa kupita ubavuni mwa chombo, vitatu kila upande. Kwa hiyo kuna matundu sita, nayo yote yanakuwa chini ya maji chombo kinapoelea. Kila tundu linazibwa na pete ya mpira pamoja na grisi. Pete za zamani zilikuwa zimekauka kama mkate wa juzi. Kiwanda hakipo, lakini namba za vipimo zilikuwa zimeandikwa juu ya pete, na kwa namba hizo tulipata mpya tano. Ya sita haikuwapo. Mwenye duka alisema: "Ngojeni majuma sita."

Ulikuwa mwezi wa tano. Mzee alikuwa ametoka hospitali, na daktari alimwambia kwamba moyo wake umechoka. Tuliogopa. Tukasema moyoni: majuma sita ni mengi kwa mtu wa namna hii. Basi tukasafisha pete ya zamani, tukaigeuza, tukaipaka grisi nyingi, tukairudisha mahali pake, gurudumu la nyuma upande wa kuume. Mdogo wetu hakukubali. Alisema: "Tungoje, au tumwambie mzee." Sisi wakubwa tukamjibu: "Wewe mdogo, nyamaza. Nani ataiona?" Akanyamaza. Lakini siku ile tulipokwenda kwenye bwawa la mzee, alikuja na kamba ndefu, akaifunga nyuma ya motokari, naye akabaki ukingoni ameshika ncha yake. Tulimcheka.

Mzee alivaa koti la kuelea, akaketi mbele pamoja na mkubwa wetu. Mashini ikawaka vizuri. Motokari ikashuka ukingo, magurudumu yakaacha ardhi, ikaelea! Tulipiga makofi kama watoto. Ilikwenda hatua thelathini hivi, ndipo tukaona nyuma yake inalala upande wa kuume. Maji yalikuwa yanaingia kwa tundu la sita, na maji ya mwezi wa tano katika nchi hii ni baridi ya kukata mifupa. Mkubwa wetu alivuta fimbo ili arudi, lakini kwa kugeuka ile motokari ilizidi kulala. Maji yakafika kwenye mashini, ikazimika. Mzee hakupiga kelele. Alishika ukingo wa chombo kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.

Kamba ya mdogo wetu ndiyo iliyowaokoa. Tulivuta sote kwa nguvu zetu zote mpaka magurudumu yakagusa mchanga. Tulimfunika mzee kwa makoti yetu, tukamrudisha nyumbani, tukamketisha karibu na moto. Alipokwisha kunywa kahawa, alitutazama mmoja mmoja, akauliza: "Mlijua?"

Tungaliweza kusema hapana. Pete ni kitu kidogo, naye asingaliiona kamwe. Lakini mdogo wetu alikuwa amesimama pale mlangoni, mikono yake imechubuliwa na kamba. Mkubwa wetu akasema: "Ndiyo, Mzee, tulijua. Tuliogopa kwamba hutangoja." Mzee akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Kuniambia ilikuwa kazi yenu. Kungoja au kutokungoja ni shauri langu." Hakusema neno jingine siku ile, nasi tulirudi nyumbani bila kuongea.

Usiku ule tulimkumbuka baba yetu. Alikuwa fundi wa mashua, naye alikuwa akiziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, mkono wake ukirudi mara mbili na mara tatu mahali pale pale. Tulipomharakisha alisema: "Maji hayana haraka. Yatazunguka mashua yote mpaka yapate tundu uliloacha." Wazee wetu husema pia: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tuliyasikia hayo tangu utoto, na bado tulifikiri kwamba huruma yetu kwa mzee ilitupa ruhusa ya kumficha hatari yake mwenyewe.

Juma lililofuata mzee alituita. Alitufundisha jambo ambalo tungalipaswa kulifanya tangu mwanzo: kumimina maji ndani ya chombo kikiwa kimesimama nchi kavu, mpaka yapite juu ya matundu, kisha kuzunguka nje na kutazama wapi panalia. Pete ya sita ilipofika tuliiweka, tukamimina maji, tukangoja usiku kucha. Asubuhi tundu la sita lilikuwa kavu. Lakini la pili, ambalo tuliliamini, lilikuwa na tone moja. Tukalifungua tena. Safari hii mdogo wetu ndiye aliyekagua kazi yote, na sisi wakubwa tulimshikia taa.

Mwezi wa nane mzee aliingia tena ndani. Tulizunguka bwawa mara tatu, polepole, na kamba ilikuwa bado imefungwa nyuma. Hakusema sana. Mara moja aliinama, akapapasa sakafu ya chombo kwa kiganja chake, akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Akatuonyesha, akacheka.

Ndugu wasomaji, pengine ninyi hamna motokari ya namna hii, lakini mna paa la kuezeka, mtumbwi wa kuziba, daraja la miti ambalo watoto hupita kwenda shuleni. Ikiwa kuna mahali mnapojua pamebaki, msikilizeni mdogo anayesema "tungoje," na mwambieni mwenye kupita kabla hajaweka mguu.