Usimpige kwanza: buibui mwindaji wa Katwe

Vijana wenzetu, huku Katwe buibui akionekana tu kwenye muzigo, ni kandambili. Sisi tunasema ngoja, mwangalie kwanza.

Kuna huyu Wazungu wanamwita buibui wa mbwa mwitu. Wengi wao hawatandi utando wa kunasa, wanawinda kwa kukimbia. Macho yako nane: manne madogo chini, mawili makubwa katikati, mawili juu. Usiku weka tochi ya simu karibu na jicho lako ummulike, macho yake yanawaka kama ya paka.

Dume aliyekomaa ana tumbo jembamba, na vile vimikono viwili vya mdomoni vimevimba nchani kama glavu za bondia. Jike ana tumbo nene. Akitaga anaburuta kifuko cha mayai nyuma, na watoto wakitoka wanapanda mgongoni kwake. Ukimpiga siku hiyo umemaliza familia nzima. Sisi tuliovuka mpaka migongoni mwa mama zetu, hilo linatugusa.

Ukitaka kumfuga: kopo la plastiki, matundu madogo, udongo, kizibo cha maji. Mmoja kila kopo, wawili wanalana. Mpe nyenje au mende mdogo mara mbili kwa wiki, asiwe mende aliyepuliziwa dawa. Usimshike, akibanwa anauma, ingawa kwa kawaida sumu yake si hatari kwa mtu.

Ila jike mwenye watoto mgongoni usimfungie. Mwache apite.