Nilimwambia Mama Asubiri Kesho

Wacha nianze kwa kukubali kosa, kwa sababu mkilisikia kwa ndugu yangu ataliongezea chumvi.

Mama ana ekari moja na nusu ya chai kule Kericho, upande unaotazama tambarare za Kano na ziwa. Jumatatu moja alitaka kuchuma asubuhi hiyo hiyo ingawa wachumaji waliokuja walikuwa wawili tu. Mimi niko Nairobi, nina simu, nina bando. Nikafungua programu ya hali ya hewa: jua, kiwingu kimoja, mvua asilimia 20. Nikampigia. "Mama, subiri kesho upate watu watano, mmalize mara moja."

Akaniambia, "Huku upande wa ziwa kumekuwa kuzito, lakini haya, nyinyi ndio mmesoma."

Saa tisa na nusu mawe yakashuka. Kama dakika 15 hivi, sio zaidi. Alinitumia picha bila maneno: majani yamechanwachanwa, ardhi nyeupe kama mtu amemwaga chumvi ya mawe. Kituo cha kununua chai hakichukui majani yaliyopigwa namna hiyo, na kichaka kinakaa wiki nyingi kabla kitoe chipukizi la maana. Karo ya kitinda mimba wetu ilikuwa inategemea hayo majani. Hakunilaumu, na hilo ndilo lilinimaliza kabisa.

Kwa hivyo nikakaa chini nikasoma. Kwani mvua ya mawe ya kwetu hutoka wapi? Nilikuwa nadhani inakuja kama mgeni, inatoka mbali, na kazi ya simu ni kuniambia imefika wapi. Kumbe nilikuwa nimekosea mwanzo kabisa. Mara nyingi ile dhoruba haisafiri kutoka popote. Inatengenezwa pale pale, mchana ule ule, na mlima ndio fundi.

Iko hivi. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kericho mjini ni kama 2,000, na Mau inaendelea kupanda hadi karibu 3,000. Jua likipiga asubuhi, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi inapanda, na ile ya ziwani, iliyojaa unyevu, inavutwa kuja kujaza nafasi. Inavuka tambarare bila shida, halafu inakutana na mteremko. Haina pa kwenda isipokuwa juu. Wakati huo huo upepo wa kawaida kutoka mashariki unavuka Bonde la Ufa na kuja juu ya Mau. Hizi pepo mbili zinagongana juu ya mashamba yetu, na hewa iliyobanwa hivyo inapaa kwa kasi. Ikipanda inapoa, mvuke unakuwa wingu, na wingu linapokua linatoa joto linalolisukuma juu zaidi. Ndio maana asubuhi ni safi kama kioo halafu saa tisa ni vita.

Sasa mawe. Huku kwetu kwenye ikweta, hewa inafika kiwango cha barafu kati ya mita 4,500 na 5,000. Jiwe likitoka huko juu kwenda Kisumu lina zaidi ya kilomita 3 za hewa ya joto ya kupita, na mengi huyeyuka njiani yakafika kama matone makubwa ya mvua. Kericho imeinuliwa. Safari ni fupi, mawe yanafika yakiwa mawe. Manze, hiyo ilinikaa kichwani siku nzima. Ule urefu unaotupa baridi nzuri ya chai ndio huo huo unatuletea kipigo. Kericho na Nandi zinatajwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na kwenye miaka ya 1960 watu walijaribu hata kurusha roketi mawinguni kulinda chai.

Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, hewa baridi inateremka kutoka milimani pande zote hadi ziwani, inakutana katikati, na dhoruba inazuka juu ya maji wakati wavuvi wako kazini. Kwa hivyo milima hii inawagusa hata watu ambao hawajawahi kuipanda.

Na ile simu yangu je? Haikunidanganya, mimi ndiye nilisoma vibaya. Modeli nyingi za dunia nzima hugawa nchi kwa miraba ya kilomita 9, 13, hata 25. Ndani ya mraba kama huo bonde na kilima vinasawazishwa kuwa mteremko mmoja mpole. Lakini wingu la mawe linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu: jirani ng'ambo ya mto anaanika mahindi, nyinyi mnapigwa. Kale kapicha ka jua kalikuwa wastani wa sehemu kubwa, na mama hana wastani. Ana ekari moja na nusu.

Ndio maana sikubali wenzangu wanaowacheka wazazi kwa kuangalia mawingu wakati "kila kitu kiko kwa simu". Mama anasimama mahali ambapo upepo wa ziwa na wa Mau hukutana, na amekuwa akiutazama kwa miaka 30. Utabiri bado nausoma, hasa ule wa siku kadhaa mbele wa kuonyesha msimu unaelekea wapi. Lakini mambo ya leo mchana namuuliza yeye.

Jana saa saba alinitumia ujumbe: "Kumeanza kujenga upande wa ziwa. Tumemaliza nusu ya juu, tunashuka." Nikajibu, "Sawa Mama." Sikufungua programu.